Mjomba wa Wasio na Mjomba

Nilipokuwa mtoto nilimweleza bibi yangu habari ya wokovu, naye akaielewa. Aliyeshindwa kuielewa ni Mwalimu Kasiani, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa dini. Nalitanguliza hilo kwa makusudi, ili anayesoma ajue mapema kwamba sikuketi hapa kumliwaza mtu. Sasa natembea kwa mkongojo, na hasira hii ninayo tangu meno ya utoto hayajaisha kung'oka.

Kwetu ni Umwerani, milimani nyuma ya Lindi, si mbali na Nyangamara. Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko chini pwani, akija nyumbani mara mojamoja na kuondoka, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watupu: Bibi, mama yangu ambaye ni binti yake, na mimi. Mama alibatizwa na wamisheni akiwa msichana. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapewa jina la Veronika. Bibi peke yake ndiye aliyebaki. Hakuwa Mkristo, wala hakuwa Mwislamu kama baadhi ya majirani zetu. Alikuwa na msolo wake.

Msolo ni mti. Wetu ulikuwa nyuma ya nyumba, si mkubwa wala hautishi, lakini sisi watoto hatukuruhusiwa kuchuma hata jani lake. Penye shina lake ndipo Bibi alipozungumza na watu wake waliokufa. Akiwa na jambo zito la kuwauliza, alichukua unga wa mtama, akaudondosha taratibu kwa vidole mpaka ukafanya kilima kidogo chenye ncha, akaufunika kwa chungu, akaenda kulala. Asubuhi alifunua. Ncha ikiwa imesimama, wamekubali. Ukiwa umemeguka, wamekataa, na jambo lenyewe linaachwa bila ubishi.

Lilikuwapo sharti moja, na ninaomba msomaji alishike. Mtu mwenye hasira hakuruhusiwa kuugusa unga ule. Kabla ya kumwaga, kila aliyekuwa katika nyumba alisema kwa sauti amemkasirikia nani na kwa nini, kisha akachukua maji kinywani na kuyapuliza nje, pfuu, hasira ikatawanyika nayo. Ukibakiza kidogo moyoni, unga hausimami. Tuliamini hivyo, na mimi nililiona. Mwaka mmoja Mama aligombana na wifi yake juu ya chungu kilichovunjika. Akasema ameshapuliza, yamekwisha. Asubuhi tulipofunua, unga ulikuwa umelala kama umekanyagwa na kuku. Mama akakiri mbele yetu kwamba alipuliza maji lakini wifi alimbakiza moyoni.

Mwalimu Kasiani naye alikuwa Mmwera, mtoto wa milima hiyohiyo. Alikuwa mfupi, akivaa koti jeusi hata jua likichoma, na kila alasiri alitufundisha katekisimu katika kanisa letu la udongo. Padri alikuwa akija kutoka misheni kwa nadra, hivyo mtu wa kuamua mambo yote ya dini kijijini alikuwa Mwalimu. Alikuwa na tabia moja iliyonichukiza hata kabla hajanifanyia lolote: hakuwapa shikamoo wazee wasiobatizwa. Aliwaambia, "Tumsifu Yesu Kristo," akasimama kuangalia kama watajua cha kujibu. Bibi alikuwa akimjibu, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba ameamkiwa vizuri, akaendelea na kazi zake.

Mama hakutaka kitu kingine duniani ila mama yake abatizwe kabla hajafa. Alimwogopea moto. Mwalimu alikuwa ametueleza moto huo vizuri sana, kuliko alivyotueleza mbingu, na Mama alikuwa akimtazama Bibi anakula au amesinzia barazani, machozi yanamlengalenga. Alijaribu kumweleza mwenyewe, lakini kumfundisha mzazi wako si kazi rahisi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwuliza kama ameshachota maji. Basi Mama akanituma mimi. Bibi na mjukuu hutaniana, na yasiyosemeka kati ya mzazi na mtoto husemeka kwenye utani.

"Haya, mke mwenzangu," Bibi aliniambia siku moja tunapepeta mtama, "nipe hiyo habari inayomnyima mama yako usingizi."

Nikampa kama tulivyokaririshwa. Kwamba watu wa kwanza walimkosea Mungu, kosa lao likatushika sote, mlango wa mbinguni ukafungwa. Kwamba Mungu Baba alituonea huruma akamtoa Mwanawe, naye akauawa msalabani kwa ajili yetu, akafufuka, na anayemwamini na kubatizwa anaokoka.

Bibi aliweka ungo chini. "Baba yake ndiye aliyemtoa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Auawe?"

"Ndiyo. Kwa ajili yetu."

"Baba anamtoaje mtoto? Mtoto si wake. Mjomba wake alikuwa wapi?"

Anayetoka mbali hatalielewa swali hilo asipoelezwa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anakupenda na kukulisha, lakini siku ukikosa, siku ukishtakiwa, siku ukiposwa, anayesimama ni mjomba, kaka wa mama yako. Yeye ndiye anayekwenda mbele ya wazee kusema, "Huyu ni wangu, niulizeni mimi." Mtu asiye na mjomba ni mtu wa kuonewa. Na Bibi alikuwa mtu wa namna hiyo. Mjomba wake alinyongwa na Wajerumani baada ya vita vya Majimaji, yeye akiwa kigoli. Tangu hapo alihamishwahamishwa katika nyumba za watu, akaozwa kwa mwanamume huku akikataa kwa kilio, na hakuna aliyesimama. Kwa hiyo hakuniuliza kwa ubishi. Aliuliza kwa sababu jambo hilo lilimpata mwilini.

Nikalipeleka swali kwa mwenye majibu. Alasiri ile niliinua mkono nikasema, "Mwalimu, Yesu alipokuwa anauawa, mjomba wake alikuwa wapi?"

Kanisa lote lilinigeukia, na si kwa kushangaa. Watoto wote mle walikuwa na wajomba, na wote walitaka kujua. Mwalimu Kasiani mwenyewe alikuwa na mjomba, tena mkali, tulimfahamu. Angeweza kusema hajui. Angeweza hata kucheka, tukacheka naye, tukaendelea. Lakini aliniita mbele akanichapa viganja mpaka vikavimba, akisema nimeingiza ushenzi katika nyumba ya Mungu. Na mimi nilikuwa nimekwenda kumuuliza juu ya huyo Mungu wake, kwa heshima, nimesimama wima kama alivyotufundisha! Mpaka leo nikilikumbuka naona mikono inapata joto.

Bibi aliniosha viganja kwa maji ya uvuguvugu. Hakumtukana Mwalimu. Siku kadhaa zilipita, nikadhani ameachana na habari yenyewe. Kisha, tuko mtoni tunafua, akaanza kana kwamba tulikuwa tunaongea wakati wote.

"Hakuwa na mjomba," alisema. "Ndiyo maana walimwua kirahisi vile. Hakuna aliyesimama."

"Labda, Bibi."

"Si labda. Na ulisema alifufuka?"

"Siku ya tatu."

"Basi ndiyo hiyo habari. Mtu aliyeonewa kwa kukosa mjomba, akarudi, hawezi kukaa tu akaona mwingine anaonewa kama yeye. Amekuwa mjomba wa wasio na mjomba. Ukikosa, anakwenda mbele ya Baba yake anasema, huyu ni wangu, niulizeni mimi. Si ndivyo?"

Nikasema ndivyo. Nilikuwa mtoto, sikujua kama ndivyo. Tangu siku ile nimesikiliza mahubiri ya mapadri na ya maaskofu, mengine marefu ya kuumiza kiuno, na sijasikia lililoniingia kama maneno yale ya mwanamke aliyekuwa anakamua nguo.

"Na bibi alikuwa naye, huyo Yesu?" aliuliza.

"Alikuwa naye. Anaitwa Ana."

"Basi mimi niiteni Ana," alisema, akanirushia maji usoni.

Mama aliposikia alilia kwa furaha, akakimbia kwa Mwalimu. Mwalimu alikubali. Wazee hawakulazimishwa mafundisho marefu. Bibi angekuja kanisani Jumamosi, amhoji kidogo, na Jumapili Padri angefika kubatiza. Mama akanunua merekani nyeupe, akaipiga pindo kwa mkono wake, na jioni alikuwa akitwanga huku akiimba. Mama aliimba kila alipotwanga, na siku zile tulisikia kinu kikigonga mpaka majirani wakauliza kuna harusi gani.

Ndipo Bibi akafanya jambo ambalo kwake lilikuwa adabu ya kawaida kabisa. Alisema mtu hawezi kuhamia kwa mjomba mwingine bila kumuaga wa kwanza. Yule aliyenyongwa alikuwa amemtunza kutoka huko aliko miaka yote, na kumwacha kimyakimya ni utovu wa shukrani. Ijumaa jioni akatuita kwenye msolo na kata ya maji.

"Veronika, wewe unayo ya Mwalimu. Iseme."

"Nimemkasirikia Mwalimu Kasiani kwa kunichapa bure."

"Puliza."

Nikapuliza, na nasema kweli, niliona kifua kimekuwa chepesi. Mama alisimama mbali, mlangoni pa jikoni, maana safari hii aliogopa Mwalimu asije akasikia kwamba Mkristo alikuwapo; mimi mtoto sikuhesabiwa. Bibi akamwaga unga. Alizungumza na mjomba wake kwa Kimwera, taratibu, akimweleza kwamba amepata mtu wa kumsimamia huko mbele na anaomba ruhusa. Asubuhi tulipofunua, unga ulikuwa umesimama, ncha yake kali kama alivyoiacha, hata mchwa hawakuugusa. Bibi alipiga makofi. Mama, kule mlangoni, alicheka akaziba mdomo kwa kanga.

Tukaenda kanisani tukiwa tumependeza. Bibi alijifunga merekani yake mpya, mimi nimebeba kigoda chake. Walikuwapo na watu wengine waliongoja kuhojiwa. Bibi hakungoja kuulizwa.

"Nimefika," alisema. "Mjomba ameniruhusu."

Mwalimu alikunja uso. "Mjomba gani?"

"Wangu, yule waliyemnyonga. Nimemuaga jana kwa unga, na leo umesimama vizuri sana. Sasa nibatizeni."

Nilimwona Mwalimu Kasiani akibadilika rangi. Nikadhani amefurahi, maana mimi nilikuwa nimefurahi. Alisimama polepole.

"Umekwenda kumwomba shetani ruhusa ya kuja kwa Mungu?"

"Nimemwomba mjomba wangu. Shetani mimi simjui. Wewe ndiye unayemtaja kila siku."

Mtu mmoja nyuma yetu alicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotumaliza. Mwalimu akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Alisema nyumba ya Mungu haiingiwi kwa idhini ya mizimu. Alisema arudi nyumbani, aukate ule mti kwa shoka, auchome, kisha ndipo aje waone. Mama akapiga magoti. Mama yangu, mtu mzima, alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya yule mtu mwenye koti na kumshika ukingo wa koti lake, akimwomba asimfukuze mama yake. Mwalimu akavuta koti.

Bibi ndiye aliyemwinua. "Simama, mwanangu," alisema. "Mwenye nyumba siye huyu."

Kuukata msolo hakukuwa jambo la kufikiriwa. Yule aliyemruhusu kwenda, amshukuru kwa shoka? Mwalimu alilijua hilo, alikuwa Mmwera. Aliweka sharti ambalo alijua halitatimizwa, na Jumapili Padri alikuja, akabatiza watu wengine, akaondoka, bila kuambiwa kwamba kulikuwa na mwanamke mzee aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe.

Siku ileile tuliyofukuzwa, Bibi aliteka kata ya maji akasimama uani, ameelekea upande wa kanisa. "Kasiani," alisema, "umenifukuza mbele za watu. Nimekasirika." Akapuliza. Akampa Mama, naye akapuliza kwa kwikwi. Ikawa zamu yangu. Nilitaja jina la Mwalimu, nikajaza maji kinywani, nikamtazama Bibi machoni, nikayameza.

"Umeyameza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Hasira hii naitaka."

Nilitegemea kofi. Bibi alitikisa kichwa. "Haya, mke mwenzangu. Lakini nakwambia, utaumwa na tumbo uzeeni. Ukishayameza hayo hayatoki yenyewe."

Mvua zilipoanza Bibi alishikwa na homa. Hakuinuka tena. Mwalimu mwenyewe alikuwa ametufundisha kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, mradi maji yawepo na maneno yatamkwe. Mama alikuja na kikombe cha maji, akapiga magoti penye kitanda.

"Mama, kubali. Mimi nitakubatiza. Hakuna atakayetuzuia."

Bibi alikuwa na akili zake timamu. Alitabasamu. "Nilifukuzwa mlangoni mchana, watu wote wanaona," alisema. "Sasa nipenye dirishani? Yule Mjomba, kama ndiye kweli, anajua kwamba nilifika. Nipe hayo maji ninywe."

Akayanywa yote, akarudisha kikombe. Kesho yake alikufa. Mwalimu hakuruhusu azikwe penye makaburi ya Wakristo, tukamzika karibu na msolo wake, na merekani aliyoshonewa kwa ubatizo ndiyo iliyokuwa sanda yake. Mimi nililia, lakini zaidi nilikuwa nikiangalia njia ya kanisani kama yule mtu atathubutu kuja. Hakuja.

Kama yangeishia hapo, labda leo ningekuwa mtu mwingine. Hayakuishia hapo. Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, Mama alimwendea Mwalimu akamwuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kumtaja mama yake katika sala. Mwalimu akamjibu kwa sauti kubwa, sote tunasikia, kwamba aliye motoni haombewi, ni kazi bure, kama kumwagilia jiwe ukitaka liote.

Tangu siku hiyo Mama hakuimba tena kwenye kinu. Sisemi aliimba kidogo. Hakuimba kabisa. Aliendelea kwenda kanisani, aliendelea kusali rozari, alinilea, alimzika baba yangu, alifanya yote aliyotakiwa kufanya, na kila siku ya maisha yake aliamini kwamba mama yake anaungua. Kwamba yeye akifa atakaa pazuri, na aliyemzaa atakuwa chini anapiga kelele. Huo ndio wokovu tuliofundishwa na Mwalimu Kasiani. Mtu anayeweza kumpa mwenzake habari njema ikawa mzigo wa namna hiyo, mimi sijui misheni ilimpa koti la nini.

Mwingereza aliondoka, Uhuru ukaja, nikaolewa, nikazaa. Walikuja mapadri wengine, weusi kama sisi, na mmoja, kijana mpole, alihubiri kwamba Mungu hafungwi na maji, kwamba aliyetaka kwa moyo na akazuiliwa, Mungu anamhesabu kuwa wake. Nilimgusa Mama kiwiko: umesikia? Alikuwa amesikia. Usoni pake hapakubadilika kitu. Maneno ya Mwalimu yalitangulia kuingia, na hayakuacha nafasi.

Mwalimu Kasiani alizeeka vibaya. Mke alimfia, miguu ikamvimba, watoto wake wako Lindi mjini hawaji. Nikaja kugundua kwamba Mama anampelekea uji. Kila asubuhi, anafunika bakuli kwa kitambaa, anakwenda. Niligombana naye siku hiyo mpaka majirani wakatoka nje.

"Mama yake mwenyewe alikufa hajabatizwa," Mama alinijibu. "Ameniambia. Alikuwa na msolo naye, na Kasiani alimfukuza vilevile. Angemkubali bibi yako na unga wake, angemwambia nini mama yake?"

Habari hiyo ilitakiwa inilainishe. Najua ilitakiwa. Haikunilainisha. Niliona tu kwamba alimwumiza mmoja asiye na kosa ili asijute kumwumiza mwingine, na kwamba mama yangu ndiye aliyechukua maumivu ya wote wawili na bado anambebea uji. Alipokufa alizikwa pembeni ya ukuta wa kanisa, kwa heshima zote. Mimi nilibaki nyumbani nachambua mboga.

Mama alikuja kufia kwangu. Alikuwa amekonda, rozari imezungushwa mkononi mara nyingi kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa umebaki mfupa. Jioni moja aliniita.

"Niletee unga wa mtama."

Nikadhani anataka uji.

"Si uji. Nataka kumwuliza mama kama yuko salama."

Mimi nilikaa chini. Mama, ambaye hakuwahi kuukaribia unga ule tangu Bibi afukuzwe, Mama wa Jumapili zote na Ijumaa za njia ya msalaba. Wasioweza kufika kwenye mti humwaga hata penye kichwa cha kitanda. Nilijua hivyo, na yeye alijua. Nikaleta unga kwenye sahani. Akasema nimwage mimi, vidole vyake vinatetemeka. Nilichota unga, nikaunyanyua, nikasimama na mkono hewani.

"Siwezi, Mama. Utaanguka."

Alinitazama. "Kasiani?"

"Ndiyo."

"Bado?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. "Mimi nilishampuliza zamani," alisema alipopata pumzi. "Kila nilipompelekea uji, nikitoka napuliza njiani. Hayakutoka yote kwa siku moja. Ilinichukua uji mwingi."

Akaomba kikombe. Alichukua maji kinywani akapuliza kwa nguvu aliyokuwa nayo, mengi yakamtiririka kidevuni nikayafuta. Kisha akanipa kikombe kile, yamebaki ya kunitosha. Nilikishika. Nilikisogeza mdomoni, nikakirudisha mezani. Mama alichukua unga akaumwaga mwenyewe, mkono unayumba, kilima kikatoka cha upande, na moyoni niliona hautafika hata kufunikwa. Nikaufunika kwa sufuria, maana vyungu hatuna tena.

Asubuhi alitaka nifunue yeye akiwa amekalishwa. Nilifunua. Ulikuwa umesimama. Ncha ilikuwa imeegemea kidogo upande mmoja kama alivyoimwaga, lakini imesimama.

Mama aliinama kuutazama. "Ana," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliyeko chumba cha pili. Na baadaye, ninaosha vyombo, nikasikia kutoka chumbani wimbo wa kinu, umekatikakatika, hana pumzi, lakini ni wenyewe. Niliacha vyombo nikasimama ukutani nikasikiliza mpaka ulipoisha. Hakufika Jumapili.

Mtu asiniulize kama naamini unga. Nauliza na mimi: nani alimfundisha mama yangu habari njema mwisho wa yote, yule aliyekuwa na katekisimu au yule aliyekuwa na msolo? Neno la Mwalimu lilimkaa Mama rohoni maisha yake yote, na chembe za unga kwenye sahani ndizo zilizoling'oa. Nimezeeka sasa kuliko alivyozeeka Bibi, na neno lile la Mwalimu bado linanikasirisha.

Ninakwenda kanisani. Njia inapita karibu na kaburi la Kasiani, na pale nageuza uso. Ndani tunasali sala ya Baba Yetu, na tukifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, mimi nanyamaza kama mtu aliyejaza maji kinywani. Wenzangu wanatangulia, nami nawadaka mbele penye kishawishi. Hakuna anayetambua, isipokuwa Yule anayesaliwa.

Bibi sina wasiwasi naye. Mjomba wake alisimama. Wala Mama sina wasiwasi naye. Nina wasiwasi na mtu mmoja tu katika ukoo wetu, aliyebatizwa akiwa mchanga, anayejua katekisimu yote kwa ghibu, na ambaye tumbo linamuuma.